Kumpima mtoto mchanga ni rahisi, kumpata tena ndiyo kazi

Uingereza, mtoto akifikisha siku tano, mkunga humchoma kisigino na kudondosha matone manne ya damu kwenye karatasi nene yenye miduara. Karatasi ikikauka inatiwa bahasha na kupelekwa maabara, kutafuta magonjwa adimu kabla hayajaonyesha dalili. Mtoto analia kidogo, anapewa ziwa, yamekwisha.

Aliyebuni njia hii ni Robert Guthrie wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa akitafuta fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunjavunja sehemu moja ya protini, ikarundikana mpaka ikaharibu ubongo. Huko humpata takriban mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 15,000. Ukigunduliwa katika siku za mwanzo, dawa ni mlo maalumu tu, na mtoto hukua na kusoma kama wenzake. Akicheleweshwa miezi kadhaa, akili iliyoharibika hairudi.

Ukishauona mfano huo, ni vigumu kumpinga anayetaka orodha ya magonjwa yanayopimwa irefushwe. Marekani leo inayashauri majimbo yake kupima magonjwa zaidi ya 35, wakati Uingereza ilikaa miaka mingi na 9. Chukua SMA, ugonjwa wa kurithi unaoua neva zinazoendesha misuli. Watoto wengi wanaotibiwa kabla ya dalili hukaa na kutembea. Wanaotibiwa baadaye hawarudishiwi neva zilizokwisha kufa. Dawa moja ya ugonjwa huo iliingia sokoni Marekani mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi ambaye mwanawe alichelewa kugunduliwa, ukimtajia gharama anasikia tusi. Namwelewa.

Hata hivyo, Japani ilikwisha kuonja upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1980 ilipima mkojo wa watoto wa miezi sita, nchi nzima, kutafuta nyuroblastoma, saratani ya neva. Wagonjwa waliongezeka ghafla, wakapasuliwa, wengine wakapewa dawa kali za saratani. Mwaka 2002 zikatoka tafiti za Ujerumani na Kanada: vifo havikupungua. Uvimbe mwingi uliokuwa ukinaswa ni ule ambao ungenywea wenyewe, na ule wa kuua ulikuwa ukichomoza baadaye. Japani ikaufunga mpango wake. Kuna watoto waliopasuliwa kwa ugonjwa ambao usingewasumbua kamwe, na hakuna anayeweza kusema ni akina nani.

Halafu kuna hesabu ambayo watetezi wa orodha ndefu huiruka. Tuseme ugonjwa humpata mtoto 1 kati ya 100,000, na kipimo hukosea mara 1 tu kati ya 1,000. Kwa kila mgonjwa wa kweli, kama wazazi 100 wataambiwa mtoto wao huenda anaumwa, ilhali ni mzima. Maabara itaisahihisha kwa kipimo cha pili. Mama aliyekaa wiki mbili akimwangalia mtoto usingizini kama anapumua, huyo hasahihishwi haraka hivyo.

Sisi huku tunaingia wapi? Neno "adimu" hutegemea umesimama wapi. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ni adimu Norwei, si Mwanza. Tanzania pekee huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wasipopata huduma wengi hufa kabla ya miaka mitano, mara nyingi bila jina la ugonjwa kutajwa. Inasemwa homa, au malaria, au mkono wa mtu. Na tiba ya kuanzia haihitaji mamilioni ya dola: penisilini mara mbili kwa siku, chanjo, kinga ya malaria, haidroksiurea (dawa inayopunguza vipindi vya maumivu), na mama kufundishwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto kila jioni kuona kama bandama imevimba.

Hata karatasi tunayo. Mwaka 2014 na 2015 Uganda ilichukua sampuli za damu kavu zilizokusanywa kupima VVU kwa watoto, ikazipima selimundu mjini Kampala. Sampuli karibu 98,000. Katika kila watoto 1,000, kama 7 walikuwa wagonjwa. Bahasha, pikipiki na maabara vilikuwepo tayari.

Kwa hiyo mimi niko upande wa orodha fupi: selimundu kwanza, kisha upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ambao kidonge kimoja cha bei nafuu kwa siku huokoa ubongo wa mtoto. Kupima magonjwa mia mbili ya vinasaba wakati hata kliniki ya selimundu haipo wilayani ni kumpa mzazi jina la ugonjwa na kumwachia hapo hapo.

Na hata orodha fupi ina mtego wake. Majibu yanarudi kituoni baada ya wiki kadhaa. Muuguzi anafungua daftari, anaona jina la mama, kijiji, na namba ya simu ya shemeji. Anapiga: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mama alikuja mjini kujifungulia kwa dada yake, amekwisha kurudi kwao. Njia iliyobaki ni siku ya chanjo ya wiki ya sita, kama muuguzi wa kituo kile kingine ataijua habari hiyo.