Michoro halisi ya katuni: London inauzwa, kwetu inatupwa

Waingereza wametuzidi katika mambo kadhaa, lakini linaloniuma kuliko yote ni jinsi wanavyoiheshimu karatasi ya mchora katuni. Si kwamba wachoraji wao ni hodari kuliko wetu. Hilo silikubali hata kidogo. Aliyekua akisoma Ndumilakuwili, Pimbi na Madenge kwenye Sani, jarida letu la katuni la Tanzania, hana haja ya kufundishwa katuni na mtu.

Tofauti inaanza gazeti likishachapwa. Huku London, mchoro wenyewe uliotoka mkononi mwa mchoraji unaendelea kuishi. Eneo la St James's kuna Chris Beetles Gallery, wanaouza kazi zilizochorwa kwa ajili ya majarida kama Punch, jarida la vichekesho lililoanza mwaka 1841. Kuna Cartoon Museum, na Chuo Kikuu cha Kent kina hifadhi yake ya katuni tangu miaka ya 1970. Kazi ya mchoraji maarufu kama Ronald Searle bei yake inatisha, ila katuni ndogo ya mchoraji asiyevuma huweza kupatikana mnadani kwa pesa ya mfanyakazi wa kawaida. Ndivyo nilivyoanza.

Ninayo moja iliyotoka Punch miaka ya 1950. Jaridani ilikuwa picha ya kujaza kona. Karatasini ni kubwa mara mbili. Chini ya wino penseli bado inaonekana: bwana mwenye kofia alikuwa ameinua mkono, mchoraji akabadili mawazo, akaushusha. Shavuni kuna tone la rangi nyeupe lililofunika mstari uliokosewa. Pembeni mtu ameandika kwa penseli ya bluu upana ambao mchoro upunguzwe, kwa sababu kamera ya kiwandani haikuishika bluu hiyo. Gazetini huoni lolote kati ya haya. Mnunuzi makini huyatafuta kwanza, pamoja na muhuri wa nyuma, na asipoona hata kimoja huuliza maswali.

Sasa ziko wapi karatasi za Sani? Yako wapi majalada ya Joe, jarida la Nairobi la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililoanza mwaka 1973? Mchoraji mmoja mkongwe wa Dar es Salaam aliniambia kazi zake zilibaki chumba cha habari, na ofisi ilipohama zikazolewa na takataka. Kazi ya miaka mingi! Hakuulizwa, na yeye hakudai, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mali.

Uingereza sheria yenyewe inasema ni mali. Tangu 2006 mchoraji hupata fungu kila kazi yake inapouzwa upya kupitia duka la sanaa au mnada, ikifika kiwango fulani cha bei, na tangu 2012 hata warithi wake hupata.

Najua nyumbani kuna ada na matibabu kabla ya katuni. Ndiyo maana nasema na sisi tulioko nje. Tunanunua vinyago vya uwanja wa ndege na kuviita utamaduni, huku wachoraji waliotuchekesha utotoni wakiwa na mabunda ya karatasi chini ya kitanda, yakiliwa na mchwa. Wengi siku hizi wanachora kwenye kishikwambi, na hapo karatasi haipo kabisa. Za zamani zilizobaki ndizo hizo hizo.

Ukienda likizo, mtafute mmoja. Usimwombe zawadi, mlipe. Mwombe asaini na aandike nyuma jina la gazeti na tarehe. Ujue umenunua karatasi, hakimiliki inabaki kwake, kwa hiyo kuichapa kwenye fulana bila ruhusa hairuhusiwi. Isafirishe ikiwa imenyooka kati ya vipande viwili vya boksi, usiikunje, na uitundike ukuta usiopigwa na jua, maana wino wa kalamu za felti hufifia upesi.