Igizo la Mateso la Oberammergau: ni nani apige kelele mbele ya Pilato?

Mwaka 1633, tauni ikiwa imeshaingia kijijini, watu wa Oberammergau katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, waliweka nadhiri ya kuigiza mateso ya Yesu kila baada ya miaka kumi. Walianza mwaka uliofuata, na kuanzia 1680 zamu ikahamia kwenye miaka inayoishia na sifuri. Imevurugika mara chache tu. Mwaka 1770 serikali ya Bavaria ilipiga marufuku, ya 1920 ikasogezwa hadi 1922 kwa sababu ya vita na athari zake, ya 1940 haikufanyika, na ya 2020 ikachezwa 2022 kwa ajili ya korona. Leo ni kazi ya watu karibu 2,000 wa kijiji kimoja. Jukwaa liko wazi juani na mvuani, watazamaji wapatao 4,500 wanakaa chini ya paa, na igizo huchukua saa tano hivi, zaidi ya mara 100 kwa msimu.

Kwa zaidi ya nusu karne watu wamegombana juu ya jambo moja kuliko yote: kurekebisha matini.

Wahafidhina wana hoja nzito. Kwao hili ni tendo la ibada kwanza, tamthilia baadaye, na maneno yametoka katika Injili. Mathayo 27:25 imeandika kwamba watu wote walimjibu Pilato, “Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu.” Mwongozaji wa igizo amepewa na nani ruhusa ya kukata mstari wa Maandiko? Na akikata huu kwa kuwa unaumiza watu, kesho atakata upi?

Lakini “matini ya mababu” inayotetewa haina umri huo inaosingiziwa. Iliandikwa na Othmar Weis, mtawa wa Ettal, monasteri ya jirani, kwa ajili ya maonyesho ya 1811 na 1815, yote mawili nje ya zamu ya kawaida, kisha paroko Joseph Alois Daisenberger akaitengeneza upya katikati ya karne ya 19. Humo wamo wafanyabiashara waliofukuzwa hekaluni wakila njama ya kulipiza kisasi na kumvuta Yuda upande wao. Njama hiyo haimo katika Injili yoyote. Na ule mstari wa damu umo kwa Mathayo peke yake. Marko, Luka na Yohana hawana. Kila anayeunganisha Injili nne kuwa igizo moja anachagua, apende asipende. Aliyekwisha kuongeza ana shida ya kumzuia mwenzake asipunguze.

Kuna tofauti nyingine ambayo mabishano haya huipita haraka. Jumapili ya Matawi, Mateso yanaposomwa kanisani kwa sauti za kugawana, sehemu ya umati husomwa na waumini wenyewe. Anayesema “Asulubiwe!” ni wewe uliyeshika tawi. Jukwaani mambo yanageuka: mamia ya watu waliovalishwa Kiyahudi wanapiga kelele, nawe umekaa kitini umetulia, unawatazama “wao”. Maneno ni yaleyale, lawama imehama. Mwaka 1934, katika maonyesho maalumu ya kutimiza miaka 300, Hitler alikwenda kulitazama igizo hilo, na baadaye akalisifu kwa jinsi lilivyowaonyesha Wayahudi. Baada ya vita, na hasa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kutamka mwaka 1965 kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo, ilikuwa vigumu kudai kwamba ni suala la mapokeo ya kijiji tu. Zamu ya 1970 ilichezwa huku mashirika ya Kiyahudi ya Marekani yakihimiza watu waisusie.

Jaribio la kwanza kubwa la kutoka kwenye mkwamo lilikuwa la kijanja. Mwaka 1977 walijaribisha jukwaani matini ya zamani zaidi, ya 1750, iliyotungwa na Ferdinand Rosner, naye pia mtawa wa Ettal. Humo wanaosukuma kifo cha Yesu ni shetani na dhambi zilizopewa miili, basi hakuna taifa linalolaumiwa. Kijiji kiliikataa. Kitheolojia ilikuwa safi, lakini ukiwapa mashetani njama yote, kuhani mkuu Kayafa, Pilato na Yuda wanabaki vikaragosi visivyo na uamuzi wao, na igizo la saa nyingi haliwezi kubebwa na vikaragosi.

Mwongozaji Christian Stückl, aliyeongoza igizo 1990, 2000, 2010 na 2022, alipita njia nyingine. Mstari wa damu uliondolewa mwaka 2000. Yesu anaitwa Rabi, anasali Kiebrania, na tangu 2010 umati mzima unaimba naye sala ya Kiyahudi ya “Sikiliza, Ee Israeli” kwa muziki wa Markus Zwink. La maana zaidi ni kwamba umati uligawanywa: wapo wanaotaka asulubiwe, wapo wanaodai aachiwe, na ndani ya Baraza la Wayahudi Nikodemo na Yusufu wa Arimathaya wanapinga waziwazi.

Kazi ngumu iko hapo. Umati unaotamka neno moja ni rahisi kuuongoza: ishara moja, kelele moja. Ukiugawa, kila kundi linahitaji kiongozi, mlango wake wa kuingilia, maneno yake na sababu ya kuyasema. Kosa la kawaida ni kuwaweka watetezi nyuma. Ni wachache, sauti zao zinamezwa, na mtazamaji anatoka akiwa amesikia “Asulubiwe!” peke yake. Mabadiliko yamebaki kwenye karatasi. Dawa yake ni kuwasogeza mbele, wasemaji wao waseme kabla ya kelele kuanza, na kuacha pumzi mbili tatu za ukimya ili sauti yao ipate pa kuingilia. Hewani wazi sauti hairudishwi na ukuta wowote, kwa hiyo maneno mafupi yenye irabu pana husikika kuliko sentensi ndefu.

Gharama ipo, na wanaosifu mabadiliko huitaja kwa sauti ya chini. Lawama iliyotolewa kwa umati imehamia kwa Pilato, ambaye sasa ni mkatili anayemtisha Kayafa tangu mapema. Historia inamuunga mkono Stückl: kusulubisha kulikuwa adhabu ya Kirumi, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasimulia kwamba Pilato aliondolewa madarakani baada ya kuwaua Wasamaria. Lakini mkatili wa namna hiyo ananawa mikono kwa nini? Lazima mwigizaji aifanye iwe dhihaka, na dhihaka hiyo haimo katika Mathayo. Aidha, mijadala ya Barazani imekuwa mirefu, na mtu asiyejua Kijerumani huanza kusinzia. Baadhi ya wasomi wa mahusiano ya Wakristo na Wayahudi nao bado wanaona Kayafa amebaki mkali mno. Kwangu mimi bei hiyo inalipika. Igizo lenye Pilato asiyeeleweka vizuri ni afadhali kuliko lenye taifa zima lenye hatia.

Suala la nani aigize lilikwenda kwa amri zaidi kuliko kwa maridhiano. Sharti ni kuzaliwa kijijini au kukaa humo miaka 20. Wanawake walioolewa au waliovuka miaka 35 walizuiwa hadi mahakama ilipoamua vinginevyo, wakapanda jukwaani 1990. Mwaka 2018, majina ya waigizaji yalipoandikwa kwa chaki ubaoni mbele ya watu, Yuda mmojawapo alikuwa kijana Mwislamu, Cengiz Görür. (Sehemu kuu hupewa watu wawili wawili, wapokezane.) Amri ya kutokata nywele wala ndevu kuanzia Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia haijaguswa, isipokuwa Warumi wanaonyoa kama kawaida.

Tangu 2010, baada ya kura ya wanakijiji, sehemu ya pili inachezwa usiku. Mienge inapata giza lake. Ila mwenye kulipa ni aliye msalabani: hukaa juu kama dakika 20 karibu uchi, amefungwa mkanda wa wapanda milima uliofichwa chini ya nguo ya kiunoni, kwenye baridi ya milima ya Alps. Mikono ikiwa imeinuliwa kupita usawa wa moyo muda huo wote, vidole hufa ganzi.

Parokia zetu zinazoigiza Njia ya Msalaba barabarani siku ya Ijumaa Kuu hazina saa tano wala jopo la washauri. Na kwa kuwa kituo cha kwanza ni hukumu ya Pilato, umati ndio unaofungua igizo. Mara nyingi spika ziko juu ya pikapu na kipaza sauti ni kimoja, tena amekishika kiongozi wa wapiga kelele. Wanawake wa Yerusalemu wanalia bila kusikika mpaka kituo cha nane. Kipaza sauti cha pili, akipewa mtu mmoja wa kumtetea Yesu pale kwa Pilato, kinahitaji dakika tano za nyongeza na mazoezi ya jioni mbili.