Halikuwa Bomu, Lilikuwa Godoro

Halikuwa bomu. Naanzia hapo kwa sababu najua wengi wenu mmeshaisikiliza ile voisi ya jamaa wa kitanda cha juu hapa hosteli, ile anayosimulia eti siku naripoti chuo nililipua bomu getini, huku anacheka mpaka anapaliwa. Asubuhi hii nimetumiwa na binamu yangu wa Songea, mtu ambaye hata Krismasi hanitafuti. Sasa ikishafika Songea inabidi mwenyewe niseme. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu jamaa hilo godoro hajalilalia hata kwa bahati mbaya.

Mnaonifahamu mnajua kwetu Njombe, na mnajua kazi ya mjomba. Kwa wageni: mjomba anafunga viazi. Halimi, hauzi, anafunga. Gunia likijaa hadi mdomoni mtu wa kawaida anashona anakwenda kunywa chai. Mjomba hapo ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati. Anavisha kilemba cha neti, anapanga viazi juu kimoja kimoja, anapitisha kamba kwa shazia, anakanyaga, anaongeza vingine. Lumbesa. Wakala wa Vipimo kila msimu wanasema gunia lisizidi kilo 100, na kila msimu mjomba anagongewa mlango usiku. Mtu huyu ndiye mama aliyemwita aje "amsaidie mtoto kukunja godoro."

Godoro lenyewe la kawaida kabisa, futi mbili na nusu kwa sita, inchi sita, la kitanda cha deka. Ningelikunja mwenyewe, nikalifunga na mipira ya baiskeli, safari ikaanza. Lakini mama alikuwa na hesabu zake. Konda anatoza kwa mzigo. Godoro likikunjwa linaacha tundu katikati. Tundu ni nafasi, na nafasi iliyolipiwa nauli haiachwi wazi.

Basi katikati likaingia debe la viazi, Obama. (Ndiyo, kwetu kuna viazi vinaitwa Obama, na chipsi zake zikikaangwa vizuri utasahau ulikuja kufanya nini.) Yakafuata maparachichi ya Hass, mabichi, magumu, kwa maelezo kwamba yataivia humo humo kwenye joto. Zikafuata boksa zangu zote ili viazi visigongane. Ikafuata hita, ndani ya soksi, maana fomu ya kujiunga ilikataza hita, na mama ile fomu aliisoma kwa makini sana. Ndiyo maana hita ilivaa soksi.

Mwisho kabisa likaingia kopo.

Hapa nisimame niongee na watu wa Dar, maana nyie hamtaelewa. Njombe usiku wa Julai, choo kiko uani, nje umande umeganda kwenye majani. Hakuna mtu mwenye akili zake anatoka. Kila chumba kina kopo. Letu lilianza maisha kama kopo la rangi ya ukuta la lita nne, lina mpini na mfuniko wa bluu, na limetumikia familia kwa uaminifu. Mama alilisugua kwa mchanga na sabuni, akalianika, akalinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huko hosteli hujui choo kiko umbali gani." Nilikataa, mbona nilikataa! Nikaambiwa baba yako naye alikuwa na maringo hivyo hivyo alipokwenda jeshini.

Mjomba akapiga magoti juu ya godoro, akaita kijana wake mwingine naye akapiga magoti, na kwa kamba za manila wakalibana mpaka likawa gogo. Kisha kwa sababu hakuweza kujizuia, akalivisha neti na kilemba. Akalipiga kofi. "Hii usiifungue ovyo. Ukifika chumbani mtu mmoja akae juu yake, ndiyo ukate fundo la mwisho." Alisema hivyo. Nilisikia. Nilikuwa nafikiria mambo ya bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi.

Njiani sina maneno mengi. Konda stendi alilikagua, akasema hiyo lumbesa inalipiwa kama lumbesa. Nikamwambia godoro. Akasema, "Dogo, godoro gani linadondosha udongo?" Nikalipa. Makambako kwenye mizani akageuka kuniangalia, Wenda kwenye mizani akageuka tena, kana kwamba basi zima na abiria wake na trekta la mtu lililofunguliwa vipande humo ndani havina uzito, uzito ni mimi. Tukashuka Igumbilo, stendi ya Iringa. Bajaji wa kwanza alilitazama akaondoka bila kuaga. Wa pili alilifunga nyuma, na tulipoanza kupanda kutoka Ipogolo kuja mjini tairi la mbele likawa linagusa lami pale linapojisikia. "Mdogo wangu, hebu njoo ukae huku mbele na mimi, tupate uzito." Nimeingia Iringa mjini nimekumbatiana na dereva wa bajaji. Hilo kwenye voisi halimo kwa sababu jamaa hakuliona, na mngeniheshimu mkaliacha hapa hapa.

Sasa tufike getini.

Jina la chuo silitaji. Ila geti la hosteli liko juu, na kutoka hapo barabara inateremka hadi kwenye tenti la usajili, kwa hiyo aliyesimama getini anaonwa na ukoo mzima wa mwaka wa kwanza pamoja na wazazi wao. Mlinzi mzee, koti zito, miwani imeshikiliwa na uzi.

"Kamwene."

"Kamwene baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nyumbani kabisa." Nikafurahi. Nikajua nimepita. Akainama akalibonyeza godoro kwa kidole. Kidole kikakataa kuingia. Akalibonyeza kwa ngumi. "Hili ni la mbao?"

"La sponji, baba."

"Sponji ya wapi hii?" Akanyoosha kidole kwenye tangazo ukutani: hita, majiko ya umeme na vingine vyote ambavyo mama alishavisoma. "Kila mzigo unafunguliwa."

Akatoa kisu. Kidogo tu, cha kumenyea chungwa. Nikasema baba ngoja, mjomba alisema mtu akae juu. Akanitazama juu ya miwani. "Mjomba wako ndiye mlinzi hapa?"

Akakata kamba ya kwanza. Kimya. Akakata ya pili. Kimya, ila mimi nilisikia kitu ndani kinavuta pumzi. Neti ya kilemba ikalegea, kiazi kimoja kikachungulia. Mzee akakitoa, akakigeuza geuza, akaniambia kwa upole kabisa, "Kumbe na viazi mmeweka." Kisha akapeleka kisu kwenye fundo la mwisho, lile ambalo mafundo mengine yote ya mjomba yalikuwa yamelitegemea. Nikaona mkono wake unavuta. Nikafungua mdomo. Nilichotaka kusema bado sijakisema mpaka leo.

PUUU.

Nyie, sponji iliyobanwa na wanaume wawili wa viazi tangu alfajiri, ikaachiwa ghafla, haifunguki. Inaruka. Mzee akakaa chini, taratibu, na miwani yake usoni, kama mtu aliyekaribishwa kiti. Maparachichi ndiyo yalitangulia. Moja likapiga bati la kibanda cha mlinzi, na huo ndio mlio wa pili ambao kwenye voisi unaitwa "mlipuko wa pili." Kule chini kwenye tenti kuna mzazi mmoja, kipande cha baba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, naye huyo baba bila kuuliza kitu akapaza sauti ya gwaride: "LALA CHINI!"

Wakalala. Foleni nzima. Watoto wa watu na nguo zao mpya za chuo, wazazi na bahasha za vyeti, na wale dada wawili wa usajili wakaingia chini ya meza na mhuri mkononi. Hapo ndipo bomu lilipozaliwa. Sikulisema mimi, wala mlinzi. Yule baba tu na malezi yake.

Juu ya watu waliolala sasa ndiyo vikaanza kuteremka viazi. Debe zima. Obama hakiko mviringo kamili, kwa hiyo hakinyooki, kinayumba huku na huku kinatafuta mtu. Vikapita kwenye migongo, vikapita kwenye mikoba. Boksa zilikuwa nyepesi, zenyewe hazikwenda mbali, zikatua kwenye michongoma ya geti zikatulia hapo, ile ya kijani yenye tundu ikiwa mbele kabisa. Nami nimesimama wima, peke yangu, nimeshika begi la shangazi kaja, nikijaribu kuwa na sura ya mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake.

Na kulipokuwa kimya kabisa, viazi vimekwisha, watu wameanza kuinua vichwa, likatoka kopo.

Halikuwa na haraka. Lilisimama kidogo ukingoni mwa godoro, likaamua, likaanza kuviringika katikati ya barabara. Kwang. Kwang. Kwang. Mfuniko wa bluu haujatoka, mjomba aliufunga na kamba yake maalumu. Watu wakaligeukia, shingo zinalifuata. Likampita yule baba wa gwaride. Likapita tenti. Likaenda kusimama miguuni kwa dada mmoja ambaye ndiye pekee hakulala, kwa sababu alikuwa na earphone masikioni na hakusikia neno hata moja la vita vyote hivi.

Akainama. Akaliokota kwa mpini. Akalitikisa. Akatoa earphone moja, akapandisha nalo hadi kwangu, na mbele ya kadamnasi yote ile iliyokuwa inajipangusa vumbi akaniuliza kwa sauti nzuri tu, "Kaka, hili ni lako? La kuwekea nini?"

Ubongo wangu uliopata daraja la kwanza kidato cha sita ukatafuta. Nikasema, "Sukari."

Mlinzi, ambaye bado amekaa chini, ambaye ni mtu wa kwetu, ambaye tumesalimiana kamwene na anajua vizuri kopo la namna ile lina kazi gani, akanitazama. Akalitazama kopo. Akamtazama yule dada. Akasema, "Ni sukari." Mungu ambariki mzee yule na watoto wake wote.

Yaliyobaki ni haraka haraka. Hita ilipatikana, soksi na yote, ikachukuliwa, nitairudishiwa nikifunga chuo. Yule baba wa gwaride aligundua amelalisha watu kwa sababu ya parachichi, akapanda gari akaondoka kabla mwanawe hajasajiliwa. Wenzangu wakaokota viazi kwa moyo mkunjufu, ingawa vilivyonirudia vilikuwa nusu ya vilivyoteremka. Kuhusu hilo la kuuza viazi, ambalo jamaa kaliongezea chumvi mpaka ikawa "kafungua genge": hapana. Mama wa chipsi wa nje ya geti alikuja mwenyewe, akasema Obama hizo, akatoa hela, nikapokea. Mngefanyaje? Na godoro limegoma kunyooka. Pembe zote nne zimeinuka, nalala katikati kama maji ya mvua. Jina langu darasani ni Lumbesa. Hata mhadhiri mmoja juzi kaniita hivyo, akidhani ni la ukoo.

Mama alipiga jioni. "Vimefika salama?"

"Vimefika."

"Na kopo? Wenzako wameliona?"

"Wameliona mama. Wote."

"Si unaona. Na wewe ulikuwa unalikataa."

Sasa kilichonifanya niandike haraka si voisi peke yake. Yule dada tuko naye kozi moja. Jana usiku katuma ujumbe: wanafanya majadiliano ya kikundi leo saa kumi pale chini ya miti, wana chai, wana maandazi, hawana sukari. "Si uje na lile kopo lako?" Kaweka na kaalama ka kucheka, na sijui anajua au hajui.

Mimi hapa niko Miyomboni na sukari nusu kilo mkononi, nazunguka maduka ya rangi natafuta kopo jipya la lita nne, mfuniko wa bluu. Wanasema wanauza likiwa na rangi ndani. Mwenye ukuta unaohitaji kupakwa, yeyote, kokote Iringa mjini, anicheki kabla ya saa kumi, rangi nampa bure.