Lisosomu haihitaji chupa yako ya kutoa sumu

Wauzaji wa dawa za "kutoa sumu mwilini" wamepata msemo mpya. Zamani walitosheka na ini na figo. Siku hizi wameingia ndani ya seli, hadi kwenye lisosomu, kifuko kinachosaga vitu vilivyochakaa: eti Mjapani mmoja alipewa Nobel mwaka 2016 kwa kuthibitisha kwamba mwili ukifunga hujisafisha, na chupa hii inaongeza kasi ya kazi hiyo. Mjapani huyo yupo na tuzo ni ya kweli. Yaliyobaki ni ya muuzaji.

Yoshinori Ohsumi alifanya utafiti wake kwenye hamira. Alichukua seli za hamira zilizopungukiwa na vimeng'enya vya kuvunja protini, akazinyima chakula, kisha akazitazama kwa hadubini. Ndani ya vakuoli, ambayo kwa hamira hufanya kazi inayofanywa na lisosomu kwetu, vifuko vidogo vilirundikana kwa kuwa hapakuwa na cha kuvimeng'enya. Ikaonekana wazi kwamba seli yenye njaa hujila yenyewe. Akaendelea kuzisaka jeni zinazoendesha shughuli hiyo. Mahali pa chupa ya muuzaji katika habari hii sijapaona.

Tena, wanaopenda kuhubiri kwamba asidi ni adui wa seli wangeitazama lisosomu kwanza. Ni kifuko chenye utando mmoja, ndani yake mna aina zipatazo 60 za vimeng'enya vya kuvunja protini, mafuta, wanga na asidi nukleiki, na vyote hivyo hupenda asidi. Ndani pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ni kama 4.5 hadi 5, nje yake, kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli, ni kama 7.2. Seli hutumia nishati kusukuma protoni, chembe zinazoleta asidi, ziingie humo ili asidi isipungue. Kuna faida nyingine pia: lisosomu moja ikivuja, vimeng'enya vinavyotoka hupoteza nguvu nyingi huko nje na seli husalimika. Klorokwini, ile dawa ya malaria, hujikusanya ndani ya lisosomu na kupunguza asidi yake, na usagaji hukwama. Sasa anayetaka kutupunguzia asidi kwenye seli anataka kutusaidia nini?

Halafu kusema lisosomu husafisha "uchafu" kunapotosha. Mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, ikichakaa na kuingia kwenye lisosomu, protini zake hutoka zikiwa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, na kurudi kujengea vitu vipya. Hata uamuzi wa seli kukua au kubana matumizi hupitia hapo: kundi la protini liitwalo mTORC1 hukaa juu ya utando wa lisosomu, likipokea taarifa za kiasi cha asidi amino kilichopo. Kwangu mimi inafanana zaidi na fundi chuma anayeyeyusha vyuma chakavu kuliko jalala.

Christian de Duve, Mbelgiji aliyeigundua, wala hakuwa akiitafuta. Mwaka 1949 huko Louvain, Ubelgiji, alikuwa akichunguza insulini na maini ya panya, na kimeng'enya kimoja kikampa vipimo vya chini mno. Sampuli ilipokaa siku chache kwenye jokofu, vipimo vikapanda. Kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kitu fulani! Jina la lisosomu alilitoa mwaka 1955.

Na ipo hali ambapo lisosomu huhitaji msaada kweli. Mtoto mwenye ugonjwa wa Pompe amepungukiwa na kimeng'enya kimoja tu, kile cha kuvunja glaikojeni, yaani wanga unaohifadhiwa mwilini. Glaikojeni hujaa kwenye lisosomu za misuli na moyo, na wanaozaliwa na aina kali wasipotibiwa wengi hufariki kabla ya kutimiza mwaka au muda mfupi baadaye. Matibabu yaliyoidhinishwa mwaka 2006 ni kimeng'enya chenyewe, kinachotiwa kwenye mshipa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Hakinywewi, maana tumbo lingekisaga kama protini nyingine yoyote. Kimebeba pia alama ya sukari, manosi-6-fosfeti, ambayo seli huitambua ili kukifikisha kwenye lisosomu.

Kwa hiyo nikikutana na muuzaji wa chupa nina maswali mawili. Ndani mna kimeng'enya gani? Na kikishapita tumboni, kinaingiaje kwenye lisosomu?