Preston si viti maalum

Jimbo la Preston-Dartmouth, katika mkoa wa Nova Scotia huko Kanada, liliishi chaguzi mbili tu: 2013 na 2017. Zote mbili alishinda mtu mmoja, Keith Colwell wa chama cha Liberal. Kabla ya hapo, jimbo lilipokuwa linaitwa Preston peke yake, Colwell huyo huyo alishinda 2003, 2006 na 2009. Mwaka 2021 Preston-Dartmouth likafutwa na Preston ikarudishwa. Ukiyatazama matokeo kwa haraka unaweza kusema hakuna habari hapa: mpaka umesogezwa, mshindi ni yule yule, mpaka umerudishwa, na Colwell amestaafu.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaoona kwamba majimbo ya kulindwa ya Nova Scotia ni kelele za bure, na ni hoja nzito kuliko watetezi wa majimbo hayo wanavyopenda kukiri. Colwell ni mzungu. Preston ililindwa kwa ajili ya weusi.

Nilipomsimulia jamaa yangu mmoja habari hii alinikatiza: "Kwa hiyo ni viti maalum vya weusi?" Nikamwambia hapana. Akauliza sasa kama si viti maalum, ni nini? Nadhani Watanzania wengi wangeuliza hivyo hivyo, maana kwetu neno "kulindwa" likikaa karibu na "kiti", kichwani inakuja orodha ya chama. Preston hakuna orodha. Anayetaka anachukua fomu, mweusi kwa mzungu, na anayepata kura nyingi anakwenda Halifax bungeni. Kilicholindwa ni mpaka. Tume ya mipaka iliruhusiwa kuchora jimbo lenye wapigakura wachache kuliko wastani wa mkoa, ili vijiji vya North Preston, East Preston, Cherry Brook na Lake Loon vibaki ndani ya jimbo moja, visimezwe na mitaa ya jirani. Hata humo ndani weusi hawakufika nusu ya wapigakura. Walikuwa wengi kiasi kwamba mgombea hawezi kuwaruka, basi.

Majimbo ya namna hii yalikuwa manne, yakaanza kutumika katika uchaguzi wa 1993. Matatu, yaani Clare, Argyle na Richmond, yaliwekwa kwa ajili ya Waakadia, wazungumzaji wa Kifaransa ambao babu zao walifukuzwa na Waingereza kuanzia 1755. La nne ni Preston.

Historia ya watu wa Preston ni ndefu, nachukua kipande kimoja. Weusi waliowaunga mkono Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani waliletwa Nova Scotia wakiahidiwa ardhi. Wengi walipata mawe, wengine hawakupata kitu, na mwaka 1792 karibu watu 1,200 walipanda meli wakaenda kuanzisha upya maisha Freetown, Sierra Leone. Mwaka 1796 wakaletwa Wamaroon, uzao wa watumwa waliotoroka, kutoka Jamaika, wakawekwa Preston, nao baada ya miaka minne wakaondoka kuelekea huko huko Sierra Leone. Kisha wakaja wakimbizi weusi wa vita vya 1812 kati ya Uingereza na Marekani, nao ndio mababu wa wengi waliopo leo. Walipewa ardhi ya kulima bila hati. Kizazi baada ya kizazi watu wamejenga, wamezaa na wamezikana juu ya viwanja ambavyo kisheria havikuwa vyao: hawakuweza kuviwekea rehani wala kuviuza, na kugawa urithi kulikuwa mgogoro. Serikali ya mkoa ilianza kushughulikia jambo hilo kwa mpango maalum mwaka 2017. Karne mbili zilikuwa zimepita.

Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya hati wizarani anajua suala kama hili linahitaji nini. Linahitaji mbunge anayelala akilifikiria, kwa sababu asipolifikiria anapoteza kiti. Mbunge mwenye huruma hatoshi.

Sasa tarakimu. Bunge la Nova Scotia lilikutana mara ya kwanza 1758. Mweusi wa kwanza kuchaguliwa ndani yake, Wayne Adams, alichaguliwa 1993, Preston, katika uchaguzi wa kwanza wa jimbo hilo. Ni miaka 235. Sikatai kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo weusi hata kura hawakuwa nayo, au walikuwa nayo kwa jina tu. Lakini toa karne nzima, toa na nusu ya pili, bado unabaki na miongo kadhaa ya kura huru, vyama huru, magazeti huru, na hakuna mweusi hata mmoja. Halafu mpaka unachorwa kuwazunguka watu waliokuwepo pale pale siku zote, na uchaguzi unaofuata anapatikana. Adams akawa waziri wa mazingira.

Ukiishia hapo utadhani nashangilia. Subiri kidogo.

Mwaka 1998 Preston ikamwangusha Adams, waziri mzima, ikamchagua Yvonne Atwell wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto, mwanamke mweusi wa kwanza katika bunge hilo. Baada ya miezi 16 ukaitishwa uchaguzi mwingine na Preston ikamwangusha Atwell naye, ikamchukua David Hendsbee wa chama cha Wahafidhina, mzungu. Chaguzi tatu, vyama vitatu. Mwaka 2003 ikamtoa Hendsbee, ikamweka Colwell, na huyo hakutoka tena mpaka alipostaafu mwenyewe 2021.

Kuanzia 1999 hadi 2021 ni miaka 22. Kwa miaka 22 jimbo lililolindwa kwa ajili ya weusi liliwakilishwa na wazungu. Hii ndiyo takwimu inayotajwa kila mjadala huu unapofufuka, na kila mara inatajwa kwa sauti ya mtu anayefunga kesi. Mimi naisoma kinyume. Kama Preston ingekuwa kiti cha rangi, Hendsbee asingeingia, Colwell asingedumu. Miaka ile 22 inathibitisha kwamba weusi wa Preston hawakupewa mbunge wa kupangiwa. Walipewa uzito, wakautumia walivyotaka, na mara nyingi walitaka mtu wa chama fulani kuliko mtu wa rangi fulani. Ni jambo la kawaida kwa wapigakura wote duniani, ila likifanywa na weusi linaitwa kushindwa kwa sera.

Hapa mpinzani makini ananirudia. Anasema: sawa, basi kama rangi ya mbunge si kipimo, tupimeje kwamba ulinzi una faida? Anaongeza kwamba ule mpango wa hati za ardhi ulianzishwa mwaka 2017, wakati jimbo likiwa Preston-Dartmouth, limeunganishwa na mitaa ya upande wa Dartmouth, chini ya mbunge mzungu aliyekuwa waziri wa kilimo. Bila ulinzi, na kazi ilianza. Sina jibu safi kwa hili. Naweza kusema kwamba vijiji vile vilikuwa vimekaa miaka 20 ndani ya jimbo moja, vimezoea kusikilizwa, na mazoea hayafi kwa uchaguzi mmoja. Lakini hilo ni tafsiri yangu, na mpinzani ana haki ya kuwa na yake.

Tuje 2012, ambako naona mambo yaliharibika. Serikali ya NDP chini ya Waziri Kiongozi Darrell Dexter ilitaka kila jimbo liwe na wapigakura wasiopungua wala kuzidi wastani kwa zaidi ya asilimia 25, bila kubagua. Tume iliyoongozwa na Teresa MacNeil ilitoa ripoti ya awali ikiyabakiza majimbo manne ya kulindwa. Mwanasheria Mkuu, Ross Landry, akaikataa, akasema ni batili kwa kuwa imevuka maelekezo. Tume ikarudi mezani ikayaunganisha: Clare na Digby, Argyle na Barrington, Richmond na sehemu za Cape Breton, Preston na Dartmouth.

Hoja ya Dexter haikuwa ya kipuuzi, na inakera jinsi ilivyogeuzwa kuwa ya ubaguzi. Clare na Argyle zilikuwa na karibu nusu ya wapigakura wa jimbo la wastani. Maana yake kura ya mtu wa kitongoji kipya cha Halifax, labda mhamiaji aliyefika juzi, ilikuwa nusu ya kura ya mtu wa Argyle. Nani anamtetea huyo? Sisi tunalijua hili vizuri. Kwa sensa ya 2022 na majimbo 272 ya uchaguzi wa 2025, jimbo moja la Zanzibar lina wastani wa watu kama 38,000, la Bara kama 270,000. Mkazi wa Mbagala akisikia hesabu hiyo anaguna. Ukimweleza kwamba Zanzibar iliingia Muungano ikiwa nchi na haiwezi kuhesabiwa kama kata ya Temeke, anaguna tena, ila safari hii anaelewa kwa nini iko hivyo, hata kama hakubali ukubwa wa pengo. Mimi mwenyewe pengo la mara saba naliona kubwa mno. La Preston halikukaribia hapo. Preston hata haikuwa ndogo kama Clare na Argyle.

Nisichokubali kwa Dexter ni njia. Tume huru ilipewa kazi ya kupima mambo mawili, usawa wa kura na uwakilishi wa jamii, kisha ikakatazwa kupima la pili. Wapigakura walimpa jibu lake upesi. Oktoba 2013 NDP ikaporomoka hadi viti 7, na Dexter mwenyewe akapoteza kiti chake Cole Harbour kwa kura 21. Watu 21 wanaenea kwenye daladala moja ya Hiace, wachache wakisimama. Aliyemwangusha ni Tony Ince wa Liberal, mweusi, katika jimbo ambalo halijawahi kulindwa.

Hilo la Ince ni zawadi kwa wapinzani, na wanaitumia. Weusi wanaweza kushinda popote, wanasema, na si yeye peke yake: Percy Paris alishinda jimbo la kawaida 2006 na 2009. Nova Scotia ina jamii za kale za weusi zipatazo 52, kutoka Yarmouth hadi Guysborough, na nyingi hazimo Preston. Jimbo moja la kulindwa linawasaidiaje wa Truro? Haliwasaidii, tuseme ukweli. Lakini Ince na Paris walikuja baada ya Adams. Chama kilichokwisha kuona mweusi akishinda, akiwa waziri, akiangushwa kama waziri yeyote, hakiogopi tena kumteua mwingine mahali pengine. Mlango ulikuwa Preston. Siwezi kulithibitisha kwa hesabu. Ninachoweza kuonyesha ni miaka 235 upande mmoja, na orodha ya majina upande wa pili.

Januari 2017, katika kesi iliyosukumwa na shirikisho la Waakadia, Mahakama ya Rufani ya Nova Scotia ilisema kuingilia tume kwa namna ile kulivunja haki ya kura iliyomo katika katiba ya Kanada. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikwisha sema 1991, katika shauri la mipaka ya Saskatchewan, kwamba haki ya kura ni haki ya kuwakilishwa kwa ufanisi, haiishii kwenye usawa wa tarakimu. Hata hivyo Mei 2017 watu walipiga kura kwa mipaka ile ile iliyotiwa dosari. Ndivyo Preston-Dartmouth ilivyopata uchaguzi wake wa pili na wa mwisho. Tume iliyofuata, chini ya Colin Dodds, ikarudisha majimbo yote manne mwaka 2019, na viti vya bunge vikapanda kutoka 51 hadi 55.

Agosti 2021 wapigakura wa Preston iliyorudishwa walipewa karatasi ambayo wagombea wa vyama vyote vitatu vikubwa walikuwa weusi: Angela Simmonds wa Liberal, Archy Beals wa Wahafidhina, Colter Simmonds wa NDP. Simmonds wawili kwenye karatasi moja, jina ambalo North Preston unalikuta kila nyumba ya pili. Vyama havikulazimishwa na sheria yoyote kuteua hivyo. Vilitazama mpaka, vikahesabu. Alishinda Angela Simmonds, mwanasheria ambaye kabla ya siasa alikuwa akihangaikia zile hati za ardhi. Katika bunge hilo waliingia weusi wanne, rekodi kwa Nova Scotia: yeye, Ince, Suzy Hansen, na Ali Duale, zimamoto mzaliwa wa Somalia. Watatu kati ya wanne walitoka majimbo ya kawaida, na mpinzani wangu tayari ameshaliandika hilo kwenye daftari lake.

Simmonds alijiuzulu 2023. Uchaguzi mdogo ukafanyika Agosti, na Preston, baada ya miaka 20 ya Liberal, ikageuka tena kama ilivyogeuka 1998 na 1999: ikamchagua Twila Grosse wa Wahafidhina, mwanamke mweusi, ikamrudisha 2024. Sheria inataka tume ya mipaka iundwe angalau mara moja kila miaka 10, kwa hiyo swali la Preston litarudi mezani, pengine na wale wale wakiwa na takwimu yao ya miaka 22.