Skrubu 128, Mashine 128

Kibaraza cha mama mkwe wangu pale Mikindani kina urefu wa mita 6 na kinatoka mbele mita 3. Mabati 8 ya geji 28, papi 4 (mbao zinazobeba bati), skrubu 4 kwa kila bati kwenye kila papi. Nane mara nne mara nne, unapata 128. Na ile impakti, mashine ya betri ya kufungia skrubu, niliyonunua asubuhi hiyohiyo mjini Mtwara ilikuwa na maandishi ubavuni, herufi nyekundu nene kama za daladala: 128VF. Nikasema basi, hii imeandikwa.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, wingu linakuja na kurudi kama mdai. Pale kibarazani yalikaa magunia mawili ya korosho za mama, zimeanikwa, zimechambuliwa, zinangoja siku ya kupelekwa chama cha msingi cha ushirika. Ndiyo maana paa lilikuwa la haraka, na ndiyo maana nilitaka impakti. Skrubu 128 kwa mkono ni siku nzima na kiganja kizima.

Msaidizi wangu alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Kazi yake ilikuwa kushika ngazi. Kucheka alijipa mwenyewe.

"Shemeji, umeme wa ukutani volti ngapi?"

"230."

"Na huo wa mkononi 128? Mbona unapanda nao juu ya mabati bila viatu?"

Nilimwambia ashike ngazi. Lakini swali lake lilikuwa la maana, na mimi dukani sikuliuliza. Seli moja ya lithiamu, zile za mviringo zinazofanana na betri ya tochi, ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa 4.2. Panga 5 kwa mfululizo, unapata 18, zikijaa, 21. Ndiyo maana mashine moja utaiona imeandikwa 18V na nyingine 20V au 21V, zote zikiwa na seli 5 zilezile. DeWalt, kwa mfano, Marekani huandika 20V MAX na kwingine 18V. Anayetaka volti 128 za kweli atafute seli 36 na kuzipanga mkia kwa kichwa, apate fimbo ya zaidi ya mita 2. Yangu ilikaa kiganjani. Hiyo VF baada ya namba ni herufi tu za kupendezesha. Volti haziandikwi hivyo.

Namba ilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa mdomoni mwa mashine, na hilo nililiona kwa macho yangu dukani nikalipita.

Impakti za betri ni ndugu wawili wanaofanana sura. Mmoja ni wa skrubu: mdomo wake una shimo la pembe sita, robo inchi, unavuta kola, unachomeka biti, unaachia, inashika. Mwingine ni wa nati: mbele ana kichwa cha mraba cha nusu inchi, cha kuvalia soketi za kufungulia magurudumu. Mimi niliuziwa wa nati. Muuzaji akanitolea adapta ndogo ya kugeuza mraba kuwa shimo la pembe sita, akasema, "Hii nakupa bure, kaka." Niliposikia bure, nikaacha kufikiri.

Sasa hesabu urefu. Impakti ndogo ya skrubu, toka kisogoni hadi mdomoni, ni kama sentimita 10 hadi 13. Yangu, na adapta, na soketi ya milimita 8 mbele yake, ilikuwa mkono wa mtoto. Na kila kiungo kina uchezo wake. Ukivuta triga, ncha inachora duara kama mlevi anayetafuta tundu la kitasa.

Nilipanda. Skrubu ya kwanza, ya inchi 2 na nusu, yenye kichwa cha pembe sita na washa ya mpira, nikaiweka kwenye mgongo wa bati, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Nikavuta triga.

Kuku wote wa mtaa walihama.

Tumboni mwa impakti mna nyundo na fuawe. Injini inazungusha nyundo inayosukumwa na springi. Skrubu ikiwa laini, nyundo na fuawe huzunguka pamoja kimyakimya. Ikianza kugoma, nyundo inarudi nyuma, inaruka, inamgonga fuawe ubavuni mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa dakika moja unapata mapigo zaidi ya 3,000, na ndiyo ile tatatata inayotoboa masikio. Uzuri wake ni kwamba kiganja hakipindwi kama kinavyopindwa na dirili. Ubaya wake ni huohuo: mkono hausikii kitu. Dirili ya betri ina kola yenye namba, ukifika nguvu uliyochagua inateleza "trrr" na kukuonya. Impakti nyingi hazina kola hiyo. Inayosimamisha kazi ni akili ya kidole chako.

Kidole changu siku ile kilikuwa hakijaamka. Skrubu ya bati kwenye papi ya mbao laini hata nyutonimita 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) haihitaji. Nati ya gari dogo inataka kama 100. Kasha la mashine yangu lilijigamba 520. Hata kama robo tatu yake ilikuwa uongo, iliyobaki ilitosha. Kufumba na kufumbua, mpira wa washa ukachomoka pembeni kama embe lililokanyagwa, mgongo wa bati ukabonyea, na kichwa cha skrubu kikakaa katikati ya shimo dogo kama yai kwenye kikombe.

"Imeshika!" nikatangaza.

"Imezama," shemeji akajibu kutoka chini.

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani uani, kanga begani, anatazama kwa adabu ya mtu asiyetaka kumwingilia mkwewe. "Mwanangu," akauliza taratibu, "hiyo sauti ndiyo kazi au ndiyo inaharibika?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Haya, baba."

Nikaendelea. Ya saba ilikatika shingo. Kichwa kikaruka, kikatua kwenye sufuria la jirani. Kwa wasiojua, skrubu hukatika hivyo mwili ukiwa umegota chini na nyundo inaendelea kugonga juu. Ikiwa mbao ni ngumu, mninga au mkongo, toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko mwili wa skrubu. Mpingo usijaribu bila kutoboa hata kwa skrubu ya bawaba. Ule mti ukitupwa majini unazama, skrubu nayo ina roho. Papi zangu hazikuwa ngumu hata kidogo. Nilikuwa nimekata skrubu kwenye mbao ambayo shemeji angeweza kuing'ata.

Kufika ya 41, mashine ikatoa sauti ya mbuzi mwenye kiu, ikalala. Nikavalisha betri ya pili. Nayo ikakoroma mara mbili, ikamfuata mwenzake.

Kasha lilisema kila betri ina seli 10, na umbo lake lilikubali: nene, ya ghorofa mbili. Shemeji, mtu wa vituko, akaichukua akavuka barabara hadi dukani, kwenye mizani ya mawe. Seli moja ya ukubwa ule ina gramu 45 hadi 48, kwa hiyo seli 10 peke yake zinakaribia nusu kilo kabla hujaweka plastiki. Akaweka betri upande mmoja, jiwe la nusu kilo upande wa pili. Jiwe likakaa chini kama mwenyekiti wa kijiji. Betri ikabaki juu inaning'inia. Watu waliokuja kununua sukari wakasimama kutazama.

"Shemeji, hii haijafika hata uzito wa nusu ya sukari!" akapiga kelele kutoka ng'ambo.

Mimi nisingefungua betri ya lithiamu, na wewe usifungue. Bisibisi ikigusa pasipotakiwa inawaka. Yeye aliifungua kabla sijashuka ngazi. Ghorofa ya chini zilikuwa seli 5. Ghorofa ya juu mlikuwa na vigogo vitano vya plastiki vyeupe, vimepangwa kwa heshima, vinasindikiza wenzao.

Skrubu 87 zilizobaki shemeji alizifunga kwa mkono, kwa spana ya soketi, huku akiimba. Mimi nilikuwa chini, nashika ngazi.

Usiku ule mvua ikashuka, ile ya kwanza ya msimu, isiyobisha hodi. Bati lililobonyea mgongoni linatengeneza kibakuli, kibakuli kinajaa maji, na katikati ya kibakuli kuna skrubu yenye mpira uliopasuka. Maji hayana haja ya kutafuta njia, umeyachimbia kisima na kuyapa mlango. Asubuhi mama mkwe alinipeleka kibarazani bila neno. Akanyoosha kidole kushoto, chini ya skrubu zangu 41, palipokuwa na madimbwi na gunia moja lililolowa. Halafu akanyoosha kulia.

"Huku kwa mdogo wako," akasema, "pakavu."

Korosho iliyolowa inashuka daraja ukiipeleka hivyohivyo. Kwa hiyo siku tatu nilikaa juani, korosho zimetandazwa kwenye mikeka, nazigeuza asubuhi na alasiri, nafukuza kuku, wale wale niliowahamisha juzi. Sasa walikuwa wamerudi na kinyongo.

Nilipata muda mwingi wa kutafakari mashine. Jumatatu nikarudi mjini, safari hii na mifuko mitatu: mmoja una skrubu, mmoja kipande cha papi, na wa tatu jiwe la nusu kilo nililoazima dukani. Muuzaji mwingine, duka lingine. Aliponiona natoa jiwe akadhani nimekuja kugombana.

Kwanza nilitazama mdomo: shimo la pembe sita la robo inchi, bila adapta ya aina yoyote. Nikachomeka biti, nikaitikisa kwa vidole. Kucheza kidogo ni kawaida. Kuchora duara ni ugonjwa. Kisha triga. Nilivuta polepole sana, nikitaka kichwa kianze kuzunguka kama saa ya ukutani, kisha kiongeze mwendo kadiri ninavyobana. Triga inayoruka toka sifuri hadi mwisho haifai kwa bati hata ikiwa na sifa nyingine zote. Nikatafuta kitufe cha gia. Tatu zinatosha: ya chini kwa skrubu za bati na bawaba, ya kati kwa mbao, ya juu kwa skrubu ndefu za kenchi. Baadhi zina hali ya pekee ya skrubu za bati, inayopunguza au kusimamisha nguvu mapigo yakianza. Ukiweza kulipia hiyo, lipia.

Nguvu? Nilichukua ya volti 18 yenye nyutonimita kama 170. Kwa fundi wa kabati na milango, ya volti 12 yenye kama 100 na kitu ni nyepesi na inaingia kwenye kona ambazo 18 inakwama. Mimi ni wa paa, nilihitaji 18. Injini nilichagua isiyo na kaboni, vile vijiti vinavyosugua ndani kuipa umeme. Ile ya kaboni ni rahisi kununua, lakini kaboni zinaisha, na haidumu kwenye chaji kama mwenzake. Chaja niliigeuza tumboni kusoma kama inapokea 220 hadi 240. Nikauliza betri zake zinaingia kwenye grenda na dirili za kampuni ileile, kwa sababu ukinunua betri umeoa ukoo. Nikapima betri ya seli 10 kwa jiwe. Jiwe likapanda juu.

Biti nilinunua za impakti, zile zenye kiuno chembamba kinachojipinda kidogo kabla ya kuvunjika. Za kawaida hupasuka vipande, na kipande hakichagui jicho. Soketi ya milimita 8, yenye sumaku, mbili. Sumaku hujaa vumbi la chuma, unaifuta kwa utepe wa gundi au donge la unga wa ngano uliokandwa, usipofanya hivyo skrubu inakaa upande.

Dukani pale nikafunga skrubu kwenye papi mbele ya wateja, gia ya chini. Alama ya kuachia triga ni hii: mpira ukichungulia tu pembeni mwa kofia ya chuma, toa kidole. Ukiweza kuizungusha washa kwa vidole, bado. Mpira ukiwa umefura nje, umechelewa. Niliporudi paani, betri sikuichaji ikiwa na joto la jua. Niliiacha kivulini kwanza, chaja nzuri yenyewe huikataa.

Zile skrubu 41 nilizing'oa moja moja, nikanyoosha migongo ya bati kwa kugonga kutoka chini kwa mpini wa nyundo, nikarudishia nene zaidi kwenye matundu yaleyale. Nikafagia vumbi lote la chuma juu ya bati, maana chumvi ya bahari ya Mikindani ikilikuta pale, kesho ni kutu. Mvua iliyofuata mama mkwe alilala.

Ile 128VF nilimpa fundi wa gari jirani. Alikuwa na Noah inayongoja matairi, nati 5 kila gurudumu. Nilimwambia hii ndiyo kazi yake hasa, ilizaliwa kwa nati. Ikafungua gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, watu wakapiga makofi. La nne alimalizia shemeji, kwa mkono, anaimba.