Vita ya uongo ina makumbusho, baba mkubwa ana kopo

Juzi Jumamosi nilikuwa banda la gemu kule Pasua, Moshi, nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu, na zamu za kule mnazijua, chalii kashika pedi toka asubuhi anakwambia "moja ya mwisho aisee" mpaka jua linazama. Ili nisigombane na mtu nikatoa simu, nikawaonyesha madogo waliokuwa pembeni yangu lile tangazo la zamani la Halo 3, gemu la vita la Xbox, la kampeni ya Believe, 2007. Hawa wamezoea mpira tu, Xbox wameiona kwenye picha. Wakanyamaza wote. Lilipoisha, dogo mmoja wa kama miaka 14 akaniuliza, "Braza, hii vita ilikuwa mwaka gani?"

Wenzake wakamcheka, na mimi nikacheka. Ila nikiwa kwenye bajaji narudi nyumbani lile swali likaanza kunisumbua, hasira zikaja, na wala si za dogo.

Hebu angalieni walichofanya wale jamaa. Tangazo la gemu halina gemu ndani! Hakuna anayeruka ghorofa, hakuna namba za risasi pembeni ya skrini, hakuna ile sauti nene ya kututishia bure iliyojaa kwenye matreila. Kuna kinanda tu, kile kipande cha Chopin cha matone ya mvua, taratiiibu, na kamera inatambaa juu ya uwanja wa vita wa sanamu ndogondogo za askari na yale madude ya sayari nyingine, wamegandia hapohapo walipokuwa, mpaka inamfikia Master Chief, yule askari shujaa wa gemu, kainamisha kichwa ukadhani kwisha habari yake, halafu anakiinua. Basi. Na usidhani ni kompyuta, sanamu zimeundwa kwa mikono kwenye karakana ya Stan Winston, watu waliozoea kutengeneza madude ya filamu za Hollywood, na eneo lote lilikuwa kama futi za mraba 1,200, yaani hapo Pasua unapata nyumba ya vyumba vitatu na sebule na mpangaji wa uani juu.

Hawakuishia hapo. Wakatengeneza video nyingine, wazee waliopigana hiyo vita wanahojiwa miaka mingi baadaye, makumbusho yapo, wanaongea polepole kama wazee wanavyoongea wakikumbuka wenzao. Vita ya karne ya 26, jamani! Haijapiganwa na haitapiganwa, ila mzee anaisimulia na wewe unakaa unamuonea huruma. Hapo ndipo walipotumaliza, kwa sababu walijua mtu haamini vita kwa kuona mabomu, anaamini akimuona aliyerudi.

Gemu likatoka tarehe 25 Septemba 2007, Microsoft wakatangaza kwamba siku ya kwanza tu, Marekani peke yake, wameuza dola milioni 170, na mwaka uliofuata kampeni ikabeba Grand Prix, tuzo kubwa ya matangazo, kule Cannes. Huku kwetu tangazo ni mtu anakatika kiuno anakupigia kelele za bando, lakini hilo tuliache.

Sawa, ni biashara, najua. Hawakutengeneza wazee kwa upendo, walikuwa wanauza Xbox 360. Na najua pia tangazo zuri si gemu zuri, Cyberpunk 2077 treila tuliona Januari 2013, gemu lenyewe likaja Desemba 2020 bovu kwenye PS4 mpaka Sony wakaliondoa kwenye duka lao kama wiki moja baadaye. Nakubali. Sipendi, ila nakubali.

Lakini mimi nina baba mkubwa Kibosho ambaye alipigana vita ya Kagera. Ya kweli, ya 1978 na 1979, watu wamezikwa Kaboya. Medali yake iko kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na risiti za mbolea na funguo za kufuli ambalo halipo. Kila Desemba tunapanda kule, tunachinja, tunakunywa mbege, na tunachomuuliza yule mzee miaka yote ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, unapita kwenye sale lipi, ile mimea ya kuwekea mipaka. Mimi mwenyewe namjua Master Chief jina, namba na rangi ya nguo, lakini kikosi cha baba mkubwa sikijui. Halafu namcheka dogo wa Pasua.

Jumapili nikapanda. Shikamoo, marahaba, nikanywa chai, nikamwekea lile tangazo kwenye simu. Akaliangalia lote, miwani imefungwa kamba ya kiatu upande mmoja, na mimi nasubiri labda machozi, labda aseme mungu wangu.

"Hawa wanakula nini?"

"Baba mkubwa, ni sanamu."

"Sijakuuliza kama ni sanamu. Lori la chakula liko wapi?"

Kumbe alikuwa dereva. Miaka hii yote nilikuwa namuwazia na bunduki! Akaniambia daraja la Kyaka watu wa Amin walishalivunja, wao wakavuka kwenye la muda lililowekwa na jeshi, usiku, taa zimezimwa, na ng'ambo ya pili gunia la sembe likapasuka wakazoa unga na mchanga wake wakaupika hivyohivyo, "unatafuna unasikia kachakacha mpaka kwenye masikio." Akacheka peke yake hapo muda mrefu kidogo. Kuna jina la mtu alilitaja, akasema yule ndiye aliyekuwa anashika sufuria, halafu hakuendelea, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Akaichukua simu mkononi mwangu.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Ameisogeza karibu na pua, kinanda kinalia, yeye anatafuta lori.